Vikosi Maalumu: Mchezaji wa Sekunde Chache na Huduma Yake kwa Jamii

Futiboli ya Marekani ni mchezo uliogawa kazi za wachezaji wake kuliko karibu mchezo mwingine wowote wa timu, na katika mgawanyo huo hakuna kundi lisilofahamika kama wachezaji wa vikosi maalumu, yaani wale wanaoingia uwanjani pale tu mpira unapopigwa teke. Mchezaji wa namna hii huonekana kwa sekunde chache, hurudi benchi, na mara nyingi mtangazaji halitaji jina lake ila siku aliyokosea. Hata hivyo, ni katika vikosi hivyo Mkenya wa kwanza kucheza ligi kuu ya mchezo huo, inayojulikana kwa kifupi kama NFL, alipata nafasi yake, na ni humo pia walimotoka wanamichezo walioitumikia jamii kwa namna ambayo imedumu kuliko mabao yao. Makala haya yanaeleza kazi ya mchezaji wa vikosi maalumu na maisha yake ya kitaaluma, kisha yanaiangalia huduma yake kwa jamii kutoka Kabalagala, mtaa wa Kampala ambao mwaka 2010 ulijifunza kwa uchungu thamani ya kuwa tayari kabla ya saa ya dharura.

Kazi yenyewe

Katika futiboli ya Marekani kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani, na uwanja una urefu wa yadi 100, takriban mita 91, bila kuhesabu maeneo mawili ya kufungia yenye yadi 10 kila moja. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne, na ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira katika eneo la kufungia ndilo bao kubwa, nalo huleta pointi 6. Wanaoshambulia ni kundi moja na wanaozuia ni kundi jingine, kiasi kwamba mpira unapohamia upande wa pili wachezaji wote 11 hutoka na wengine 11 wakaingia.

Vikosi maalumu ni kundi la tatu, na kazi yake huja katika mateke ya aina kuu tatu. Teke la kwanza ni la kuanzisha mchezo, linalopigwa mwanzoni mwa kila nusu na baada ya kila bao, ambapo upande mmoja huupiga mpira mbali na kuukimbilia, nao upande wa pili huudaka na kujaribu kuurudisha mbele. Teke la pili ni la kuusukuma mpira mbali, ambalo timu hulitumia inapoona kwamba jaribio la nne halitafaulu, hivyo ikaamua kuwapa wapinzani mpira wakiwa karibu na eneo lao wenyewe badala ya kuwaachia pale ulipo. Teke la tatu ni la kulenga goli, linalopaswa kupita katikati ya nguzo mbili ndefu na kuleta pointi 3, au pointi 1 linapopigwa mara tu baada ya bao kubwa.

Kila teke lina mafundi wake. Yuko mtoa mpira, ambaye huinama na kuurusha mpira kinyumenyume kupitia katikati ya miguu yake, umbali wa takriban yadi 15 kwa teke la mbali na yadi 7 au 8 kwa teke la goli, akijua kwamba mara tu mpira utakapomtoka mkononi ataparamiwa na mtu mzito kuliko yeye. Yuko mshikaji, anayeudaka mpira huo, kuuweka chini na kuusimamisha wima ili mpigaji aupige, kazi ambayo yote pamoja huchukua muda usiozidi sekunde moja na nusu. Yuko mrejeshaji, anayeudaka mpira uliotoka juu huku wapinzani wakimjia mbio, na wako wakimbiaji wa pembeni, ambao hukimbia yadi 40 au zaidi wakisukumwa na walinzi wawili ili wamkamate mrejeshaji huyo kabla hajaanza kukimbia. Mafundi hawa hushiriki sehemu ndogo tu ya matukio ya mechi, lakini teke moja lililozuiwa huweza kubatilisha kazi ya saa tatu, na ndiyo maana kila timu huajiri kocha wa vikosi maalumu aliye chini ya kocha mkuu moja kwa moja.

Miguu ya wapigaji wenyewe imebadilishwa na mpira wa miguu unaopendwa Afrika Mashariki. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 wapigaji wa goli waliupiga mpira kwa ncha ya kiatu wakiwa wameuelekea moja kwa moja, mpaka Pete Gogolak, mzaliwa wa Hungaria aliyekua akicheza soka, alipoingia timu ya Buffalo mwaka 1964 na kuanza kuupiga kwa juu ya mguu akitokea upande. Mtindo huo ndio uliotawala hadi leo, na kijana anayepiga faulo kwenye kiwanja cha vumbi cha Kampala huupiga mpira kwa namna hiyohiyo ingawa hajapata kuiona futiboli ya Marekani.

Maisha ya kitaaluma yaliyo mafupi

Timu ya NFL huwa na wachezaji 53 katika orodha yake, na nafasi za mwisho za orodha hiyo hugombewa na vijana ambao si hodari vya kutosha kuanza katika ushambuliaji au ulinzi. Kocha anapolinganisha wawili wanaokaribiana uwezo, humbakiza yule anayeweza kutumika katika vikosi maalumu, kwa hiyo kwa walio wengi kazi hii ndiyo mlango wa kuingilia na ndiyo pia kamba ya kushikilia ajira. Kwa wastani mchezaji wa ligi hiyo hudumu kwa takriban miaka mitatu tu, na wa vikosi maalumu hujua kwamba kila mwaka chuo kikuu fulani kitamleta kijana mwingine mwenye mbio kumzidi na mshahara mdogo kuliko wake.

Wachache wamefanya kazi hiyo kuwa ufundi wa maisha yao yote. Matthew Slater aliichezea New England kuanzia 2008 hadi 2023, akaorodheshwa kuwa mpokeaji wa pasi, lakini katika miaka yote hiyo aliudaka mpira wa pasi mara moja tu katika mechi za kawaida za msimu. Kazi yake halisi ilikuwa kukimbia pembeni na kumwangusha mrejeshaji, na kwa kazi hiyo alichaguliwa mara 10 kuingia katika timu ya nyota wa ligi na kutwaa ubingwa mara tatu, huku wenzake wakimfanya nahodha mwaka baada ya mwaka. Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo, ulioko Canton katika jimbo la Ohio, umekuwa mzito kuwatambua watu wa namna hii: mpigaji goli wa kwanza asiye na kazi nyingine, Jan Stenerud wa Norwei, aliingizwa mwaka 1991, mpigaji wa kwanza wa teke la mbali, Ray Guy, alisubiri hadi 2014, na Devin Hester, aliyejulikana zaidi kwa urejeshaji, aliingia mwaka 2024.

Ufupi wa kazi hii unatokana pia na hatari yake. Teke la kuanzisha lilikuwa likiwakutanisha watu wenye zaidi ya kilo 100 wakija mbio kutoka pande mbili, na uchunguzi wa majeraha ulipoonyesha kuwa tukio hilo husababisha mtikisiko wa ubongo kwa kiwango cha juu, ligi ilianza kulibadilisha. Mwaka 2011 mahali pa kupigia palisogezwa mbele kutoka yadi ya 30 hadi ya 35 ili mipira mingi zaidi ivuke eneo la kufungia bila kurejeshwa, na mwaka 2024 ukaletwa utaratibu mpya ambao wachezaji wengi wa pande mbili husimama karibu karibu na hawaruhusiwi kukimbia mpaka mpira utue au udakwe. Kwa hiyo mchezaji wa vikosi maalumu hufanya kazi ambayo sheria zake zinaweza kuandikwa upya kila mwaka, na si kwa ajili ya ufundi wake bali kwa ajili ya afya yake.

Waafrika Mashariki katika mchezo huo

Daniel Adongo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1989, alikuwa mchezaji wa raga aliyekwisha kucheza Afrika Kusini na New Zealand wakati timu ya Indianapolis ilipomsajili Julai 2013. Hakuwa amecheza hata mechi moja ya futiboli ya Marekani. Alipangwa katika nafasi ya mlinzi wa mstari wa pili, nafasi inayohitaji kusoma mbinu za washambuliaji kwa haraka ambayo wenzake waliijenga tangu sekondari, na kwa sababu hiyo makocha walimtumia zaidi katika vikosi maalumu, ambako mbio, urefu wa zaidi ya mita 1.9 na ujuzi wa kumkaba na kumwangusha mtu vilitosha kumpa kazi. Tarehe 1 Desemba 2013, dhidi ya timu ya Tennessee, alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Majeraha yalimwandama, na katika misimu miwili alishiriki mechi chache tu kabla ya kuachwa mwaka 2015, lakini njia aliyopita ilithibitisha kwamba mtu wa raga anaweza kuruka hatua nyingi akianzia kwenye mateke. Mmarekani Nate Ebner aliipita njia hiyohiyo kwa mafanikio makubwa zaidi, kwani alikuwa mchezaji wa vikosi maalumu wa New England aliyetwaa ubingwa mara tatu, na mwaka 2016 aliomba ruhusa akaenda kuichezea nchi yake raga ya wachezaji saba katika Olimpiki ya Rio de Janeiro.

Kwa upande wa Uganda, jina linalojulikana zaidi ni la Mathias Kiwanuka, aliyezaliwa mwaka 1983 katika jiji hilohilo la Indianapolis na kuichezea New York Giants kuanzia 2006 hadi 2014. Yeye hakuwa mtu wa vikosi maalumu hasa, bali mlinzi wa mstari wa mbele aliyechaguliwa katika duru ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji wapya, na katika kipindi chake timu hiyo ilitwaa ubingwa mara mbili, ingawa mara ya kwanza alikuwa nje kwa kuvunjika mguu. Babu yake ni Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda mwaka 1962, ambaye akiwa jaji mkuu alikamatwa na watu wa utawala wa Idi Amin katika jengo la Mahakama Kuu jijini Kampala Septemba 1972 na kuuawa. Kabla ya Mathias walikuwapo mapacha wenye asili ya Uganda, Wasswa na Kato Serwanga, ambao hakuna timu iliyowachagua katika uteuzi lakini wakajipatia ajira mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wasswa akiwa San Francisco na Minnesota, naye Kato akiwa New England, Washington na New York, wote wakiwa kwa sehemu kubwa walinzi wa akiba, nafasi ambayo katika ligi hiyo hulipiwa kwa kutumika kwenye mateke.

Huduma kwa jamii

Tangu mwaka 1970 NFL hutoa tuzo kwa mchezaji aliyeunganisha ubora wa uwanjani na huduma kwa watu, tuzo ambayo tangu 1999 ina jina la Walter Payton, na kila moja ya timu 32 humteua mtu wake. Slater, kwa mfano, alipata mwaka 2017 tuzo nyingine ya tabia njema inayoitwa Bart Starr, ambayo hutolewa kwa kura za wachezaji wenyewe. Wapo wanaoziona shughuli hizi kuwa mapambo ya biashara, na hoja hiyo ina uzito wake, kwani timu hunufaika na picha za wachezaji wakiwa hospitalini au shuleni. Hata hivyo, kisa cha Rolf Benirschke kinaonyesha kwamba huduma ya mwanamichezo inaweza kuwa na mantiki inayozidi picha.

Benirschke alikuwa mpigaji goli wa San Diego kuanzia 1977 hadi 1986. Mwaka 1979, katikati ya msimu, aliugua vibaya ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, akapasuliwa mara mbili katika muda wa siku chache, akatolewa utumbo huo na kuongezewa takriban chupa 80 za damu iliyotolewa na watu asiowafahamu. Msimu uliofuata alirudi uwanjani akiwa amevaa mfuko wa kupokelea choo tumboni, na Januari 1982 teke lake la muda wa nyongeza ndilo lililoipa timu yake ushindi wa 41 kwa 38 huko Miami, katika mechi inayohesabiwa kuwa miongoni mwa zile kubwa za historia ya ligi. Mwaka 1983 alipewa tuzo ya huduma iliyotajwa hapo juu. Alikuwa ameanzisha mpango ambao kila goli alilofunga lilichangisha fedha za kuhifadhi wanyama walio hatarini kutoweka, akishirikiana na hifadhi ya wanyama ya San Diego ambako baba yake alikuwa mtafiti, lakini kazi iliyogusa watu wengi zaidi ilikuwa siku ya kuchangia damu, iliyoanza wakati wa ugonjwa wake na kuendelea kila mwaka kwa miongo kadhaa.

Kinachostahili kuangaliwa hapa ni kwamba damu na vikosi maalumu vina kanuni moja. Mpigaji goli hukaa benchi kwa muda mrefu, kisha huitwa kwa sekunde moja ambayo haimpi nafasi ya kujiandaa; kama hakufanya mazoezi kabla, amekwisha kuchelewa. Damu nayo haiwezi kutengenezwa kiwandani wala kukusanywa wakati majeruhi yuko mezani, kwa sababu lazima ipimwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende kabla ya kutumika. Isitoshe, damu haiwekwi akiba kwa muda mrefu: chembe nyekundu hudumu kwa wiki tano au sita kwenye jokofu, na chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, hudumu kwa siku zipatazo tano. Kwa hiyo anayechangia damu leo humwokoa mtu ambaye bado hajajeruhiwa.

Kabalagala na usiku wa fainali

Kabalagala iko kusini-mashariki mwa katikati ya Kampala, kando ya barabara ya Ggaba, ikipakana na Nsambya, Kansanga na kilima cha Muyenga. Ni mtaa wa baa, wachoma nyama, wauza chapati na boda boda, na pia ni makao ya watu waliotoka Ethiopia, Eritrea, Somalia, Rwanda na Kongo, ndiyo maana Kiswahili husikika huko pamoja na Kiganda, Kiamhari na Kitigrinya. Usiku wa Jumapili tarehe 11 Julai 2010, watu walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia kati ya Hispania na Uholanzi, mabomu yalilipuka katika mgahawa wa Ethiopian Village ulioko Kabalagala na katika Klabu ya Raga ya Kyadondo huko Lugogo. Zaidi ya watu 70 waliuawa na wengine wengi wakajeruhiwa, na kundi la Al-Shabaab la Somalia likadai kuhusika. Majeruhi walikimbizwa Mulago, Nsambya na hospitali nyingine za jiji, na damu iliyowafaa usiku ule ilikuwa ile tu iliyokwisha kutolewa, kupimwa na kuhifadhiwa kabla mechi haijaanza.

Uganda ina Huduma ya Taifa ya Damu yenye makao yake Nakasero, na tabia yake moja inafahamika kwa madaktari wote: wachangiaji wake wakubwa ni wanafunzi wa shule na vyuo. Shule zinapofungwa, akiba hushuka, wakati mahitaji hayapungui, kwani kina mama wanaotokwa damu wakati wa kujifungua, watoto wenye upungufu wa damu uliosababishwa na malaria na majeruhi wa ajali za boda boda hawafuati kalenda ya muhula. Likizo ndefu zaidi ya mwaka huangukia Desemba na Januari, miezi ya sikukuu na safari nyingi barabarani.

Hapa ndipo mwanamichezo wa mtaani anapokuwa na kazi ambayo haihitaji utajiri wa NFL. Klabu za mpira wa miguu na raga zina vijana wazima wenye umri na afya ya kuchangia, na mashabiki wao hawatawanyiki likizo inapofika. Kinyume chake, huo ndio msimu ambao viwanja na vibanda vya kuonyeshea mechi hujaa. Timu ikipanga siku ya kuchangia damu wiki za mwanzo wa likizo badala ya wiki ambayo wanafunzi wapo, nahodha akawa wa kwanza kunyoosha mkono, na gari la Huduma ya Damu likaegeshwa kando ya uwanja, itakuwa imeziba pengo mahali hasa palipo na pengo. Na Kabalagala, yenye vyuo jirani kama Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala huko Kansanga, wafanyabiashara wa usiku na jumuiya za wageni zilizopoteza watu wao mwaka 2010, ina watu wa kutosha wa kulibeba jambo hilo mwaka mzima.

Nafasi ya vijana wa kesho

Mchezo wenyewe umeanza kusogea karibu. NFL ilifanya kambi yake ya kwanza rasmi barani Afrika mjini Accra mwaka 2022 na kufika Nairobi mwaka 2023, ikiongozwa na Osi Umenyiora, aliyekuwa mchezaji mwenza wa Kiwanuka huko New York. Futiboli ya bendera, ambayo mchezaji husimamishwa kwa kuvuliwa kitambaa kinachoning'inia kiunoni badala ya kuangushwa, itachezwa katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, na kwa kuwa ni salama na nafuu ndiyo inayofaa kuingia shuleni. Hata hivyo, aina hiyo haina mateke, hivyo haiwezi kumlea mtu wa vikosi maalumu. Malezi hayo yataendelea kutoka kwenye soka, inayotoa miguu, na kwenye raga, inayotoa ujuzi wa kukaba. Kwa upande huo Kampala si maskini: Aprili 2022, katika uwanja uleule wa Kyadondo ulioshambuliwa mwaka 2010, Uganda ilitwaa ubingwa wa Afrika wa raga ya wachezaji saba na kufuzu kwenda Kombe la Dunia huko Cape Town.

Walio wengi kati ya vijana hao hawatafika Indianapolis wala New York, na hata atakayefika anaweza kucheza mechi tano akaisha, kwa kuwa kazi hiyo kwa kawaida ni fupi. Kinachobaki kwa wote ni nidhamu ambayo vikosi maalumu huifundisha, ya kujiandaa kwa muda mrefu kwa ajili ya tukio fupi ambalo huenda lisimpe mtendaji sifa yoyote. Benirschke alifunga magoli mengi ambayo leo yanajulikana na wapenzi wa takwimu tu, lakini siku ya damu aliyoianzisha iliendelea kuwahudumia wagonjwa wa San Diego miaka mingi baada ya yeye kutundika viatu. Klabu ya Kabalagala inayotaka kupima mchango wake kwa jamii inaweza kuanza na kipimo hichohicho: si idadi ya watu waliofika uwanjani siku ya mechi, bali idadi ya chupa zilizokuwapo Nakasero mwezi wa Januari kwa sababu klabu hiyo ipo.